Kibuyu Alichokataa Baba Yako

Kasha, Bagira,
Bukavu.
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Gentil,

Nakusalimu kwa upendo wote, wewe na mke wako Sophie, pamoja na huyo mgeni wa tumboni ambaye hatujamwona sura. Hamjambo? Mnalala vizuri? Sophie miguu inamvimba? Mwambie asivae viatu vya kubana, na akiona anakunywa maji mengi na kukojoa kupita kawaida, aende kupimwa sukari. Nisamehe, siku hizi sijui kumsalimu mtu bila kumuuliza habari za mkojo wake. Watoto wa mtaa huu wamenipa jina la Mama Sukari, na nikipita wanaliimba.

Sisi huku tupo. Mama yako yupo, mgongo unamsumbua lakini anaenda misa. Mimi nipo, sukari yangu inapanda na kushuka kama njia za Kasha. Mvua imeanza kwa nguvu, udongo umeshuka tena nyuma ya choo chetu, tunamshukuru Mungu haukugusa nyumba. Mengine ya mji unayasikia kwenye redio, sitayaandika.

Barua hii anakuletea Joviale, binti wa jirani yetu wa chini, anayekuja huko kwa mume wake kwa kuzunguka nchi za watu, maana ndege hazitui tena Kavumu. Ningekupigia simu, lakini mayunite yanakwisha mtu akiwa bado kwenye salamu, na maneno haya hayataki kukatwa katikati. Tena kuta za nyumba hizi ni mbao, na jirani zangu wana masikio kuliko sungura.

Nakuomba uisome kwanza peke yako. Ukimaliza umpe Sophie naye aisome yote. Usimfiche mstari hata mmoja.

Nimepata habari kwamba baba yako mdogo Barthélemy alikupigia simu, akakuambia kwamba baba yako alitiliwa karuho ukweni kwako Minova siku ya mahari, na kwamba inafaa umrudishe Sophie kwao kabla hajajifungua. Gentil, mimi shangazi yako niliyekubeba mgongoni nakuambia ni uongo. Hakuna sumu iliyotiwa na hakuna mtu wa kuitia. Barthélemy, ndugu yangu wa tumbo moja, si mtu mbaya. Ni mtu asiyejua, tena mwenye sauti kubwa, na mtu wa namna hiyo ndiye huvunja nyumba za watu huku akidhani anazijenga.

Neno la pili ni zito. Mwezi wa sita uliambiwa kwamba baba yako alifanyiwa operesheni ya mguu na anaendelea vizuri. Hukudanganywa, ila hukuambiwa yote. Mguu wake wa kushoto ulikatwa, chini ya goti. Pumzika kidogo hapo, kisha uendelee kusoma. Ni yeye mwenyewe aliyekataza usiambiwe, kwa hofu kwamba utaacha kazi na kupanda njia hizi za siku hizi. Nimelibeba jambo hilo miezi hii yote, na leo naliweka chini, maana huwezi kumhukumu mke wako kwa kesi ambayo hujasikia shahidi wake.

Sasa nianze mwanzo. Mwaka mmoja kabla ya mahari yako, baba yako alianza kukonda. Suruali zilimlegea, akawa anakunywa maji kama mtu aliyekula chumvi, na mama yako akawa anasema ni uzee. Mimi niliutambua ugonjwa huo mlangoni kabla sijaketi, kwa sababu naishi nao tangu alipofariki mume wangu. Nikamvuta mpaka kituo cha afya, kama nilivyokuwa nikivuta wanafunzi wangu waliojificha chooni siku ya hesabu. Wakampima. Sukari ilikuwa juu mpaka muuguzi akarudia kipimo.

Pale kituoni, kila Jumanne, muuguzi Fanny hutukusanya sisi watu wa sukari katika chumba cha nyuma na kutufundisha kujitunza. Watu wanatuita klabu, ndiyo maana wengine wanadhani tunacheza mpira. Tunapimwa, tunaketi kwenye mabenchi, tunafundishwa bugali kiasi gani na mboga ya sombe kiasi gani, namna ya kumeza dawa bila kuruka, namna ya kukata kucha. Jioni mtu atazame nyayo zake kwa kipande cha kioo, kwa sababu sukari inaua maumivu, na mguu unaweza kuoza mwenyewe akiwa hana habari. Ni mambo mepesi kuyasikia. Ugumu wake ni kuyafanya kesho, na kesho kutwa, na siku ambayo hakuna anayekuona.

Na ugumu mwingine ni kuja. Watu wanajaa siku ya kwanza, wiki ya pili benchi la nyuma limebaki tupu, na mvua ikinyesha tunabaki mimi na Fanny tukitazamana. Basi Fanny akanipa kazi ya kuwafuata waliopotea, kwa kuwa nina miguu na nina mdomo. Nimepanda na kushuka Kasha hii yote. Mmoja ananiambia amepona, hana haja. Mwingine anasema mchungaji wake amemkataza kuukubali ugonjwa kwa kinywa. Mwingine anakuja tu siku zile bandeleti za kupimia zinapopatikana, akishapimwa anaona haraka ya soko. Kuna mama mmoja muuza makala ya kupikia ambaye aliniambia bila kuacha kupima makala yake, "Maman Rosalie, ile kalasi iko muzuri. Lakini inafundisha chakula ya batu benye kuwa na chakula." Nilinunua makala nikaenda zangu.

Baba yako hakuwa kama hao. Utashangaa, maana unamjua alivyo mbishi, lakini aliipenda ile klabu. Alikaa benchi la mbele, akauliza maswali mpaka Fanny akachoka, akanunua kioo chake mwenyewe sokoni. Suruali zikaanza kumkaa tena. Mama yako aliniambia amerudishiwa mume wake wa zamani, akacheka na kujifunika uso kwa kitenge, na mimi nilifurahi kama nimezaliwa upya.

Jambo moja tu lilikuwa baya, nalo sote tuliliona dogo. Hakutaka mtu wa nje ajue. Majirani aliwaambia anaenda kwenye maombi. Unajua wanavyosema huku juu ya mwanamume mwenye sukari, kwamba kitandani amekwisha, na kwamba ugonjwa wake utapita kwa watoto wake mmoja mmoja. Na wewe ulikuwa unatafuta mke. Aliniambia, "Rosalie, bakijua Minova kama niko na ile kitu, batamunyima mutoto wangu bibi." Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba kifo kingoje kwanza mahari iishe.

Ikafika Pasaka ya mwaka jana, tukapanda boti kwenda Minova kukuposea, wewe ukiwa huko kazini. Ulipewa habari kwamba mambo yalikwenda vizuri. Mwishoni ndiyo, yalikwenda vizuri. Lakini hukuambiwa yalivyokwenda katikati.

Mkwe wako Mushagalusa alitupokea kwa heshima kubwa. Mbuzi walichinjwa, mikeka ikatandikwa, na kasiksi, pombe ya ndizi zao, ilikuwa imeiva siku hiyo hiyo. Wakati ulipofika, Mushagalusa akachukua kibuyu, akanywa yeye kwanza mbele ya watu wote, kama inavyotakiwa, kuonyesha kwamba hakuna ubaya ndani. Kisha akampa baba yako kwa mikono miwili. Baba yako akakipokea. Akakitazama. Akampa Barthélemy bila kukigusa kwa mdomo.

Wewe ni mtoto wa huku, sihitaji kukufundisha. Mtu amekunywa mbele yako kukuonyesha moyo wake ni safi, na wewe unapitisha kibuyu kwa jirani. Hiyo si kukataa pombe. Hiyo ni kumwambia mwenye nyumba, mbele ya mke wake na watoto wake, kwamba yeye ni mlozi. Wanawake waliokuwa wanapakua chakula waliacha kupakua. Mama yake Sophie alianza kulia. Msemaji wao akasimama na kusema kwamba kama wageni wanaogopa chakula cha nyumba hii, basi na binti wa nyumba hii wasimchukue.

Nilikuwa upande wa wanawake, namwona baba yako jasho linamtoka. Neno moja lingemtoa pale, nalo ndilo lile asiloweza kulisema. Fanny alikuwa amemfundisha vizuri kwamba pombe ya ndizi ni sukari tupu. Alitufundisha sahani, hakutufundisha kibuyu. Baba yako akanyoosha mkono, akakichukua tena kile kibuyu kwa Barthélemy, akanywa mpaka chini. Wakampa cha pili akanywa. Cha tatu akaomba mwenyewe. Vigelegele vikapigwa, na wewe ukapata mke.

Kwenye boti ya kurudi alitapika. Aliponyanyua kichwa aliniambia, "Ile kalasi yenu ilitaka kubomolea mutoto wangu nyumba." Hakurudi tena siku ya Jumanne.

Nilimfuata. Wewe unanijua, mimi sichoki upesi. Nikienda asubuhi ametoka, nikienda mchana amelala, na siku moja nilimwona kwa macho yangu akitokea mlango wa nyuma na kupita kwenye migomba ya jirani kama mwizi, kaka yangu mkubwa mwenye mvi. Nikagombana naye njiani watu wakatazama. Fanny naye alikwenda, akapewa kiti na chai, akaondoka na chai tumboni bila kitu kingine. Na wanaume wengine wa klabu walipoona mkubwa wao ametoka, nao wakatoka. Kile kioo cha kutazama nyayo mama yako alikikuta kinatumika kunyolea ndevu.

Kidonda kilianzia kwenye buti. Alikuwa anatengeneza mfereji wa maji nyuma ya nyumba, kijiwe kikaingia ndani ya buti, akatembea nacho siku nzima asikisikie. Mama yako ndiye aliyeona damu kwenye soksi. Kingekuwa kidonda cha kuoshwa na kufungwa. Lakini hakikupona, kidole kikageuka cheusi, na Barthélemy akaja na sauti yake. Akasema kidonda kisichouma si kidonda cha Mungu. Akauliza ni wapi kaka alipokunywa kitu kwa kulazimishwa. Na wote wakakumbuka Minova.

Wakampeleka kwa mganga wa karuho, juu huko kwenye vilima, nami sikuambiwa. Mganga akamnywesha majani ya kumtapisha, akamkataza vidonge vya hospitali akisema vinapigana na dawa yake. Kila alipotapika walitazama ndani ya beseni, na mganga akaonyesha kitu na kusema ndiyo ile sumu inatoka. Baba yako akaamini. Nadhani alitaka kuamini. Mtu akitiwa sumu ni mtu aliyeonewa, na watu wanamhurumia. Mtu mwenye sukari anaambiwa amekula vibaya.

Mama yako aliponiita, harufu niliipata nikiwa bado uani. Nilimpakia kwenye gari la jirani, Barthélemy akipiga kelele kwamba mguu wa karuho ukiguswa na kisu mtu anakufa. Daktari wa hospitali kubwa alitazama mara moja tu. Aliuliza kwa nini tumechelewa. Nilitaka kusema methali ile ya asiyesikia la mkuu, ikanifia mdomoni. Methali ile ya guu haisemwi tena katika nyumba hii.

Nililia, Gentil. Sitakuficha. Nililia kwenye korido mbele ya wagonjwa wa watu, nikiwa na viatu vyake viwili mkononi bila kujua nifanye nini na kile kimoja.

Alitoka hospitalini akiwa hai, lakini akiwa bado na neno lile lile. Ni karuho, ni Minova. Dawa alimeza kwa kulazimishwa. Klabu hakutaka kuisikia. Na Barthélemy akalitembeza lile neno sokoni, bandarini, kwenye boti zenyewe, mpaka likafika Minova kwa miguu yake. Hapo ndipo walipoanza kusema Sophie arudishwe.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumapili baada ya misa, Mushagalusa akaingia uani kwa baba yako. Alikuja na kaka yake mkubwa, wamevaa makoti, wamebeba bidoni ya kasiksi na kibuyu kimefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Hakutaka chai. Alimkuta baba yako sebuleni, mguu uliobaki sakafuni na gongo la kutembelea pembeni. Barthélemy alikuwepo, na wazee wawili wa mtaa. Mimi nilikuwa mlangoni na mama yako, tumeshika sahani.

Mushagalusa akamimina. Akanywa nusu. Akamnyooshea baba yako kwa mikono miwili akasema, "Kunywa, mukwe. Kama ni mimi nilikuwekea karuho, leo tutakufa sisi wote wawili, na batu batajua."

Sijui nikuelezeje nilichokiona usoni mwa baba yako. Asubuhi ile alikuwa amepimwa, sukari iko juu, kipande cha mguu bado hakijafunga vizuri, na daktari alishasema kidonda hicho kikiharibika tena atakata juu ya goti. Akikataa, amemwita Mushagalusa mlozi mara ya pili, na Sophie anarudi Minova na mimba yako. Akinywa, anamsafisha Sophie na kujimaliza mwenyewe. Alikitazama kibuyu muda mrefu. Halafu nikaona mabega yake yanatulia, na nikajua atakunywa. Angekunywa, mwanangu. Kwa ajili yako angekunywa bidoni nzima.

Mwanamke hasemi wanaume wakishika kibuyu, hilo nalijua tangu utoto. Nilisema. Niliweka sahani chini nikasema, "Papa Mushagalusa, huyu mutu iko na sukari. Siku ile kwenu hakukataa juu ya karuho, alikataa juu ya sukari, akaona haya ya kusema. Alikuwa nayo mbele ya mahari. Hakuna mutu alimuloga. Mukimupa ile kibuyu, munakata mugu yenye ilibakia."

Barthélemy akanifokea nitoke. Mushagalusa akainua mkono kumnyamazisha, akamgeukia baba yako na kumuuliza kama maneno yale ni ya kweli.

Baba yako akainamisha kichwa. Akasema, "Iko kweli." Kisha akasema tena, chini zaidi, "Ni sukari."

Mushagalusa akakichukua kibuyu mikononi mwake polepole, kama mtu anayempokonya mtoto kisu. Akakimaliza mwenyewe. Akajipangusa mdomo akasema, "Ungesema tu, mukwe. Tungekuletea maji." Akatutangazia sote kwamba Sophie anabaki kwake na neno limeisha. Wakaaga kwa heshima wakaondoka, na kasiksi iliyobaki wazee wa mtaa wakainywa.

Tungekuletea maji. Maneno hayo hayanitoki. Nikifagia nayasikia, nikisali nayasikia.

Kwa hiyo umesikia, na mashahidi wapo. Barthélemy naye alikuwa chumbani humo, alisikia kwa masikio yake, na bado anakupigia simu. Mtu aliyesema jambo kwa sauti kubwa mbele ya soko zima ataona afadhali nyumba ya mwenzake ivunjike kuliko kurudi sokoni kusema nilikosea. Umheshimu, ni baba yako mdogo, ila usimtii. Sophie hana kosa, na watu wake hawana kosa. Ukimrudisha, utakuwa umeitupa zawadi ambayo baba yako aliinunua kwa mguu.

Wageni walipoondoka, baba yako aliniambia neno moja tu. "Umenivua nguo mbele ya bakwe." Tangu siku hiyo hajaniita jina langu. Nikienda kumwona anaingia chumbani na kuvuta pazia, nami nakaa na mama yako tunakunywa chai kama watu wa kilio. Chakula nilichokileta hakigusi. Kaka yangu, Gentil. Tumelala mkeka mmoja, tumeugua surua pamoja, tumezika wazazi pamoja. Inaniuma mpaka usingizi umenihama.

Na Jumanne iliyofuata alikuja klabu.

Sikuamini. Nilisikia pikipiki imesimama nje, nikaona gongo, kisha yeye. Nilisogea kumpa nafasi kwenye benchi, akanipita kama nguzo. Akaketi mbele. Fanny alipouliza nani atatuonyesha namna ya kutazama unyayo, akanyoosha mkono, akavua kiatu chake kimoja, akaweka kioo chini ya mguu wake mmoja na kusema kwa sauti ya kufika kwangu, "Mimi sina lazima ya mutu wa kunichunga."

Amekuja kila Jumanne tangu hapo, na anafika kabla yangu. Aliwaeleza wanaume habari ya kibuyu, yote, bila kujihurumia. Akasema kabla ya karamu utume msemaji wako kwa mwenye nyumba akaseme hali yako, ili ukipewa kibuyu kiwe cha maji na mwenye nyumba aonje maji hayo kwanza, heshima ibaki ilivyo. Sasa wanalifanyia mazoezi pale pale, mmoja anakuwa mkwe, mwingine mgonjwa, na Fanny anacheka mpaka machozi. Wanaume wamerudi. Hata Gaston fundi viatu, ambaye nilimfuata mpaka nikakata tamaa, amerudi. Mimi nikiuliza swali, baba yako anatazama dirishani.

Usidhani basi mambo ni mazuri. Daktari aliniita pembeni, akaniambia mguu wa kulia nao umekwisha kufa ganzi, na macho yameanza kuguswa. Dawa zinapatikana wiki moja, wiki nyingine hakuna. Anajitunza sasa kwa ukali wote, lakini ameanza amechelewa. Sijui atakuwa nasi miaka mingapi, na sitakudanganya kwa kukupa matumaini ambayo mimi mwenyewe sina.

Wasalimie wote wa huko. Sophie mpe salamu zangu za pekee, mwambie wifi yangu, mama yako, anamshonea mtoto nguo za baridi ingawa huko ni joto. Salamu zikufikie kutoka kwa mama yako, kwa Fabiola mdogo wako ambaye ameanza mwaka wa mwisho wa shule, na kwa Fanny anayeuliza habari zako bila hata kukujua.

Nimebakiza ombi. Mama yako alinisihi nikuambie umwandikie baba yako, wewe mtoto wake wa kwanza, umpigie magoti anisamehe kabla ya Noeli. Mimi nakuomba kinyume chake. Mwandikie habari za kazi, za mke wako, za mtoto. Habari zangu usizitaje. Namjua kaka yangu. Hakuja klabu kwa ajili ya Fanny, wala kwa hofu ya kisu. Anakuja kunionyesha mimi kwamba yeye si mtu wa kuhurumiwa wala wa kusemewa. Anameza dawa kwa hasira, anapima bugali kwa hasira, anapanda pikipiki kwenye mvua kwa hasira. Siku atakayonisamehe, Jumanne inayofuata atasema mvua ni nyingi, atabaki nyumbani. Kwa hiyo mwache anichukie, Gentil. Mwache anichukie miaka mingi.

Mungu awalinde ninyi watatu, na mtoto azaliwe salama mikononi mwa watu wanaompenda.

Wako akupendaye siku zote,

Shangazi yako Rosalie